Jiwe Liitwalo Mombasa

Niligundua kwamba Mombasa iko mbinguni usiku mmoja wa Ramadhani, saa nane na ushei, nikiwa Nairobi nangoja wakati wa daku. Sikuwa natafuta nyota. Nilikuwa natafuta mto. Mwenzangu kazini alikuwa ameandika habari ya mpaka wa Tanzania na Msumbiji, aya ya kwanza akaandika "Rovuma", aya ya tatu "Ruvuma", nami niliyepewa kazi ya kuisafisha nikataka kuhakikisha tahajia. Katika kutafuta nikaangukia orodha ndefu ya namba na majina. Ruvuma alikuwemo, namba 1427. Lakini si mto. Jiwe. Jiwe linalozunguka jua huko kati ya Mirihi na Mshtarii.

Ningeishia hapo kama jicho lisingeteleza mstari mmoja chini. 1428, Mombasa. Chini yake 1429, Pemba. Chini yake 1430, Somalia.

Nilisoma mistari hiyo minne mara mbili tatu, kama mtu aliyekuta barua za kwao katika posta ya ugenini. Ni pwani yetu hiyo, kutoka Ruvuma hadi kwa Wasomali, ijapokuwa nahodha yeyote angekwambia kwamba ukitoka kusini Pemba huipita kabla hujafika Mombasa. Nikampigia simu baba. Nilijua yuko macho, maana tangu astaafu halali vizuri, na Ramadhani ndiyo kabisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mamangu. Kuna nini? Mtu hapigi simu saa hizi ila ana maiti."

"Hakuna maiti. Kuna nyota inaitwa Mombasa."

Kimya. Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani.

"Nyota?"

"Si nyota hasa. Jiwe. Liko huko juu linazunguka. Kubwa, baba, kama kutoka hapo mjini mpaka Kilifi."

"Na nani aliyeliita?"

"Mzungu mmoja wa Johannesburg. Aliliona mwaka 1937."

"Alimuuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Baba akanywa chai yake, kisha akauliza swali ambalo lilinikosesha usingizi hata baada ya kula daku: "Na mbona asiliite Mvita?"

*

Nieleze kidogo kwa wasiojua, maana hata mimi sikujua.

Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna ukanda wa mawe, mengine makubwa kama wilaya, mengi madogo kama nyumba au chini ya hapo. Wataalamu huyaita asteroidi, au sayari ndogo. La kwanza lilionwa Palermo, kisiwani Sicily, usiku wa tarehe 1 Januari 1801. Aliyeliona ni padri aliyekuwa mtaalamu wa nyota, Giuseppe Piazzi. Akaliita Ceres, mungu wa kike wa mavuno wa Warumi wa kale, na akalipachika na jina la mfalme wake, Ferdinand, kama vile sisi tunavyopachika majina ya wakubwa kwenye viwanja vya mpira. Jina la mfalme halikudumu. La mungu wa mavuno limedumu mpaka leo, ingawa tangu mwaka 2006 Ceres imepandishwa cheo na kuitwa sayari kibete.

Lakini kisa cha Piazzi kinachonigusa si jina. Ni kwamba baada ya kuiona Ceres, aliipoteza. Aliifuata mpaka Februari, akaugua, kisha kitu chake kikajificha kwenye mwangaza wa jua. Kilipotarajiwa kutoka upande wa pili, hakuna aliyejua atazame wapi. Ikabidi kijana wa Kijerumani wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, achukue vile vipimo vichache alivyoacha padri, akae navyo, akokotoe njia nzima ya mzunguko. Mwisho wa mwaka uleule Franz von Zach akaelekeza darubini karibu na pale hesabu iliposema, na Ceres ikapatikana. Kwa hiyo tangu mwanzo, katika kazi hii, kuona si kupata. Unaweza kukiona kitu vizuri kabisa na bado ukakipoteza.

Mombasa ilionwa na Cyril Jackson, Mwingereza aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1903, akapelekwa Afrika Kusini akiwa mtoto. Alifanya kazi Union Observatory, kituo cha kuangalia nyota kilichokuwa juu ya kilima jijini Johannesburg. Ni kituo kilekile ambako Robert Innes, mwaka 1915, aligundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiondoa jua. Jackson aligundua asteroidi 72 na akashiriki kugundua vimondo vyenye mkia, na ni wazi kwamba alipokuwa akitafuta majina aliweka ramani ya Afrika mezani. Tarehe 15 Juni 1933 alipata mbili usiku mmoja: leo zinaitwa Kenya, namba 1278, na Uganda, namba 1279. Ipo Nyanza. Ipo Ruanda. Ipo hata Tanga, namba 1595, aliyoigundua pamoja na mkuu wake wa kazi, Harry Edwin Wood, mwaka 1930. (Nilipomwambia baba kuhusu Tanga aliguna. Mtu wa Mombasa hawezi kufurahi moja kwa moja akisikia Tanga nayo imo.)

Kazi yenyewe haikuwa ya kukaa na kustaajabu. Unapiga picha kipande kimoja cha anga kwenye bamba la kioo lililopakwa dawa, unangoja, unapiga tena kipande kilekile. Kisha unaweka mabamba mawili kwenye chombo kinachokuonyesha moja halafu jingine, moja halafu jingine, haraka haraka. Nyota zote zinatulia mahali pake. Kama kuna kitu kimesogea, kinaruka. Hicho ndicho unachokitafuta: nukta moja inayorukaruka kati ya maelfu yaliyotulia. Macho yanauma, shingo inauma, na mara nyingi nukta yenyewe ni vumbi au kasoro ya kioo.

Usiku wa tarehe 5 Julai 1937 mwezi ulikuwa umebaki kikucha, siku tatu tu kabla ya kwisha. Giza zuri. Johannesburg Julai ni kipupwe kikavu, anga safi. Usiku huo Jackson alipata ile itakayoitwa Mombasa na ile itakayoitwa Somalia. Pemba alikuwa ameshaipata tarehe 2, siku tatu kabla. Ruvuma aliipata Mei.

Nami nikajaribu kuiwaza Mombasa yenyewe usiku huohuo. Kusi inavuma. Majahazi ya Uarabuni yamekwisha kuondoka, Bandari ya Kale imebaki na madau ya wavuvi. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar inapepea juu ya Fort Jesus, maana ukanda wa pwani bado ulihesabiwa kuwa wake ingawa Mwingereza ndiye aliyetawala, na chini ya bendera hiyo, ndani ya ngome, wamelala wafungwa, kwa kuwa Fort Jesus enzi hizo ilikuwa gereza. Babu yangu alikuwa hamali. Miaka ile wanaume wengi wa koloni walitembea na kipande shingoni, na ndani ya kipande mna namba. Sitaki kulifanya hili kuwa kubwa kuliko lilivyo, lakini lilinikwama kooni usiku ule: huku jiwe linaelekea kupewa jina la mji, huku watu wa nchi ileile wanatembea na namba zao shingoni.

*

Jiwe halikuzaliwa na jina, lakini. Hapa ndipo nilipoanza kupenda utaratibu wao.

Kitu kipya kikionwa hupewa kwanza kitambulisho cha muda. Cha Mombasa kilikuwa 1937 NO. Ukikitazama unadhani ni siri ya serikali, kumbe ni karani tu amefanya kazi yake. 1937 ni mwaka. Herufi ya kwanza ni nusu ya mwezi: A ni nusu ya kwanza ya Januari, B nusu ya pili, na kuendelea, huku herufi I ikirukwa isije ikachanganywa na moja. Ukihesabu hivyo, N inaangukia nusu ya kwanza ya Julai. Herufi ya pili ni zamu: O ni ya kumi na nne. Kwa hiyo 1937 NO maana yake ni "kitu cha kumi na nne kuripotiwa katika nusu ya kwanza ya Julai 1937". Basi. Hakuna mapenzi humo. Ni tarehe ya kuonwa na nafasi kwenye foleni.

Namba huja baadaye, na haiji kirahisi. Jiwe halipewi namba kwa sababu limeonwa. Linapewa namba pale ambapo limefuatwa vya kutosha, kwa kawaida msimu baada ya msimu, mpaka njia yake inajulikana kiasi kwamba mtu anaweza kusema mwaka ujao litakuwa wapi. Namba ni ahadi: hili hatutalipoteza tena.

Halafu, baada ya namba, ndipo jina. Siku hizi mgunduzi ana haki ya kupendekeza jina kwa miaka 10 tangu jiwe lipate namba, na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki hukaa kulipitisha au kulikataa. (Kwetu pwani ukitaja falaki watu wanadhani unataka kupigiwa bao, lakini ndilo neno letu la zamani la elimu hii, nami nalipenda.) Jina lisizidi herufi 16. Liweze kutamkika. Lisimtukane mtu. Lisifanane mno na jingine lililopo. Lisiwe tangazo la biashara. Mwanasiasa au mwanajeshi hawezi kuwekwa mpaka ipite miaka 100 tangu afe, na hapa nilicheka peke yangu nikifikiria barabara zetu. Wala wanyama wa nyumbani hawatakiwi, na sababu yake ni paka: James Gibson aligundua asteroidi mwaka 1971 akaipa jina la paka wake, Mr. Spock. Jina likapita, lipo mpaka leo, namba 2309, lakini wakubwa wakasema haya sasa, yatosheni.

Mawe yenye namba leo ni zaidi ya 700,000. Yenye majina ni kama 25,000. Yaani mengi mno yanajulikana yalipo na hayaitwi kitu.

Mombasa ni mojawapo ya yale machache. Upana wake ni kati ya kilomita 50 na 60. Ni jeusi kama mkaa, halirudishi mwanga ila kidogo sana. Linajizungusha lenyewe kwa saa 17 hivi, kwa hiyo siku yake ni fupi kuliko yetu. Kulizunguka jua huchukua chini kidogo ya miaka mitano, na tangu Jackson alione limeshamaliza mizunguko 18 na ushei. Huwezi kuliona kwa macho. Maelezo ya jina ni mafupi kuliko risiti ya duka: limeitwa hivyo kwa ajili ya mji wa bandari wa Mombasa. Hakuna Mvita humo, hakuna Mwana Mkisi, hakuna Shehe Mvita, hakuna Wareno wala Waomani.

Kwa siku kadhaa nilikuwa na hasira kwa niaba ya baba. Nilitaka kuandika makala kali kuhusu watu wanaobandika majina ya watu wengine juu ya vitu ambavyo wenye majina hawawezi hata kuviona. Nilikuwa nimeshapata na aya ya kwanza. Kisha nikaanza kufikiria kazi yangu mwenyewe, na ile aya ikanishinda.

*

Nina kisa ambacho nimekisimulia mara nyingi. Nimekisimulia kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, nimekisimulia kwenye semina, na kila nikikisimulia watu hutikisa kichwa kwa huzuni inayonifurahisha.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kwenye ajali, barabara kuu ya Nairobi, mbele kidogo ya Mariakani. Matatu na lori. Walikufa watu sita. Nilikaa pale mpaka jioni, nikaenda hospitali, nikaongea na polisi na jamaa wa marehemu, nikarudi nikaandika aya tisa nzuri, nyingine nikiandika huku nalia. Kesho yake gazeti likatoka na aya mbili, pembeni mwa tangazo la sabuni. Sita wafariki. Majina yote yamekatwa. Nafasi haikutosha, akasema mhariri.

Siku ya tatu simu ya ofisini ikalia, mama mmoja akaomba kuongea na yule msichana aliyeandika habari ya ajali.

"Wewe ndiwe uliyeandika sita?"

"Ndimi, mama. Poleni sana."

"Mwanangu mimi hakuitwa sita."

Kisha akanitajia jina la mwanawe, polepole, herufi moja moja, kama mtu anayesomea mtoto imla. Nikamwambia pole tena. Nikamweleza kuhusu nafasi. Akasema sawa mwanangu, akakata simu.

Hicho ndicho kisa, na funzo lake, kila nilipokisimulia, lilikuwa moja: wahariri hukata majina, nasi waandishi lazima tuyapiganie. Mimi ndani yake nilikuwa upande mzuri.

Ramadhani ile, baada ya kusoma kuhusu 1937 NO na zamu ya kumi na nne, kisa hiki kikaanza kunikera. Kuna kitu hakikukaa sawa. Kama nilikuwa nimeandika majina yote, kwa nini yule mama anitajie jina herufi kwa herufi? Kwa miaka yote nilijiambia ni uchungu tu. Mtu aliyefiwa hutaka kulitaja jina.

Nilipokwenda nyumbani kwa Idi niliingia chumba cha nyuma, nikavuta boksi lenye madaftari yangu ya zamani chini ya kitanda. Baba hatupi karatasi. Karani hatupi karatasi. Daftari lilikuwemo, limeliwa pembe na mende. Nikaifungua ile kurasa.

Majina yalikuwa matano.

La dereva. Ya wanawake wawili, dada na mdogo wake. La mzee mmoja na kijiji chake. La mwanafunzi na shule yake. Na mstari wa sita, kwa mwandiko wangu, kalamu ileile: "makanga, kijana, 20 hivi".

Chini yake, kwa wino mwingine, ule wa siku ya simu, jina kamili.

Nilikaa kitako sakafuni. Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimeuliza ya watu watano, na wa sita nikaona inatosha kuandika kazi yake na umri wa kukisia. Mhariri alikata majina matano. La sita halikuwepo la kukatwa. Hata gazeti lingenipa ukurasa mzima, yule kijana angetoka kama "makanga": aliyeonwa tarehe fulani, wa sita kwenye foleni. Mama yake hakunitajia herufi kwa uchungu. Alikuwa ananiandikisha. Alisikia kutoka kwangu kwamba sina, akanipa, nami nikaliandika vizuri, nikafunga daftari, nikaanza kumlaumu mtu mwingine kwa zaidi ya miaka kumi.

*

Jioni ile tulikaa barazani, baba na mimi. Mtoto wa jicho umemwingia macho yote mawili, na kila tukimtajia upasuaji husema mato yake yameshaona ya kutosha. Miaka 31 alisimama kwenye gati la Kilindini na ubao mkononi, akitia alama: gunia, gunia, kasha, kasha. Nilimweleza kuhusu daftari. Hakuniambia usijali. Baba si mtu wa usijali.

Akasema, "Sisi mzigo ukishuka bila alama ya mwenyewe, twauandikia namba, twauweka shedini. Namba si jina. Namba ni ya kwetu, ili tusiupoteze. Jina ni la mwenye mzigo, na lazima mtu atoke akamtafute."

"Na asipotafutwa?"

"Wanadiwa."

Nikamwambia habari za Albert, nikidhani nitamfurahisha. Ni asteroidi namba 719, iliyogunduliwa na Johann Palisa kule Vienna mwaka 1911. Ilipewa namba, ikapewa jina, kisha ikapotea. Walijua inaitwaje na hawakujua iko wapi, mpaka mwaka 2000 ilipoonekana tena. Miaka 89.

Baba akafikiri. "Karani wao alilala," akasema.

Tukacheka. Kisha akainua uso juu, kwa mazoea tu, maana haoni kitu. Zamani ndiye aliyenifundisha kilimia, akiniambia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Akauliza, "Hiyo Mombasa yenu iko wapi sasa hivi?"

Nikamwambia haionekani bila darubini.

"Sikuuliza yaonekana. Nimeuliza iko wapi."

Nikatoa simu, nikaingiza namba 1428, tarehe na saa. Jibu likaja palepale, kwa sababu tangu Julai 1937 kuna watu wasioijua Mombasa, wasiowahi kula mahamri wala kuvuka Likoni, ambao wameendelea kulipima jiwe lile, usiku baada ya usiku, na kuandika. Nikamwelekeza baba mkono wake upande wenyewe. Akauacha pale kwa muda, mkono umenyooshwa gizani, jirani akipita akasalimu, baba akaitikia bila kuushusha.

Bado naona wangeliita Mvita. Bado naona walipaswa kuuliza. Lakini siwezi tena kuliandika hilo kwa hasira ya mtu msafi. Jackson aliona nukta, akaifuata mpaka ikaweza kuitwa kwa jina, hata kama jina lenyewe alilichukua kwenye ramani. Mimi nilisimama kando ya barabara, hatua tatu kutoka kwa mtu aliyemjua yule kijana, na sikuuliza.

Siku hizi nikiwapa wanafunzi kile kisa nakisimulia kama kilivyo. Huzuni yao haina raha tena, huniangalia mimi badala ya kumwangalia mhariri asiyekuwepo. Nimejaribu kuipigia ile namba ya simu iliyoandikwa pembeni mwa jina, haipatikani. Nimemwomba mwenzangu wa Mariakani aniulizie. Anaendelea kuulizia.

Jina la kijana sitaliandika hapa. Mama yake alinipa ili litoke gazetini wiki ile ya matanga, majirani walione. Hakunipa liwe pambo la insha yangu. Nimelinakili katika daftari jipya, ukurasa wa kwanza, kwa mpangilio uleule alionisomea. Nikimpata, nitamuuliza kwanza yeye.